Mwenye Sindano Awe na Ulimi Wake: Kiitaliano Changu cha Karatu



Leo nina neno juu ya lugha ya Kiitaliano. Najua wengine mshaanza kucheka. Kwetu Unguja ukitaja mtu anayejua Kiitaliano, anayekuja kichwani ni kijana wa ufukweni Kiwengwa au Nungwi, miwani ya jua usoni, anamfuata mgeni huku akisema "ciao bella". Papasi. Mtoto wa kike akisikika anaitamka lugha hiyo, watu wanaulizana kaijulia wapi na kwa nani. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa wanaouliza. Sasa maoni yangu yamegeuka, na nitakwambieni yalivyogeuka.

Mimi ni fundi cherehani. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa ya kusimulia, nikaingia kozi ya ushoni. Mume wangu ni dereva wa magari ya watalii. Kazi ilipompeleka Karatu nilimfuata na cherehani yangu na marobota mawili ya vitenge. Kwa msiopajua, Karatu ni mji ulio njiani kutoka Arusha kwenda Ngorongoro, ukishapita Mto wa Mbu na kupanda ukingo wa bonde juu ya Ziwa Manyara. Udongo mwekundu, asubuhi baridi, wenyeji wengi Wairaqw, na karibu kila gari linalopeleka wageni kreta kutoka Arusha linapita hapo. Wageni wengi wanalala hapo pia. Nikasema, basi riziki yangu ipo.

Mwaka wa kwanza hoteli moja iliniruhusu kutandaza nguo zangu kwenye meza karibu na mgahawa wao. Siku hiyo lilikuja kundi la Waitaliano. Mama mmoja wa makamo alichukua koti langu la kitenge, akalivaa, akajitazama kwenye kioo cha dirisha. Mikono ilikuwa mirefu. Akanionesha kifundo cha mkono wake. Nikatoa pini nilizozichomeka kifuani, nikamkunjia mkono mmoja pale pale, akafurahi. Kati yetu alikuwepo kijana anayejua Kiitaliano, kazi yake kutafsiri. Nikamwambia, "Mwambie naupunguza sasa hivi. Akimaliza kula koti liko tayari, wala simuongezei bei."

Kijana akasema naye. Katika maneno yake yote nilinasa mawili tu: "non può". Yule mama akalivua koti, akaliweka mezani taratibu, akanigusa bega kama mtu anayetoa pole, akaondoka. Kijana akaniambia, "Rangi haijampendeza."

Asubuhi nilimuona yule mama anapanda gari, kavaa koti la kitenge la duka jengine. Nikajua kuna jambo, lakini silijui jina lake. Yale maneno mawili yakanikaa sikioni wiki nzima. Mwisho nikamuuliza mpishi mkuu wa hoteli ile, mama wa Kiiraqw aliyewapikia Waitaliano kwa miaka mingi: "Mama, non può maana yake nini?"

Akasema, "Hawezi." Halafu akaniuliza, "Nani hawezi?"

Nikamjibu, "Mimi."

Dada zangu, hasara ya koti moja mtu huisahau. Kilichoniuma ni kwamba nilisemwa nimesimama pale pale, pini mkononi, kazi ninayoijua kuliko kitu chochote duniani, na nikatabasamu. Nilitabasamu mtu akiniambia mteja wangu kuwa siwezi.

Sitaki kuwasingizia watafsiri wote. Wengi ni waaminifu, na nyumba yangu inakula kwa kazi ya magari ya wageni. Lakini maoni yangu ni haya: mwanamke mwenye kazi ya mikono asikodishe ulimi maisha yake yote. Kama wateja wake ni Waitaliano, ajifunze Kiitaliano. Na asingoje ada ya darasa. Aanzie jikoni, mezani na njiani, kwa sababu huko ndiko lugha inakoishi.

Yule mpishi ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Nilimshonea yeye na wenzake aproni kwa bei ya chini, naye akaniruhusu kukaa pembeni mwa jiko saa za mchana kazi ikipungua. Somo la kwanza lilikuwa la tambi. Nikamwambia sisi Unguja tambi tunazikaanga kidogo, tunazipika kwa sukari, iliki na tui la nazi, na mwezi wa Ramadhani hazikosekani kwenye futari. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, usije ukamwambia Mtaliano jambo hilo kabla hajakuzoea. Kwao tambi hazivunjwi kuingia sufuriani, maji yake hutiwa chumvi, na hutolewa zikiwa bado zina ukakamavu kidogo kwenye jino. Ndiyo maana ya "al dente". Samaki na jibini wengi wao hawavichanganyi. Kahawa ya maziwa ni ya asubuhi. Ukiiagiza baada ya chakula cha mchana wanakutazama kama mtu aliyevaa kanga moja sokoni.

Kisha akanionesha "polenta". Nikatazama sufuria, nikatazama mwiko, nikamwambia, "Mama, huu si ugali?" Ni ugali. Unga wa mahindi, maji, chumvi na kukoroga mpaka mkono uume. Mahindi yalitoka bara la Amerika yakafika kwao kama yalivyofika kwetu, na kaskazini ya Italia masikini waliishi kwa polenta miaka mingi, mpaka wengine wakapata maradhi ya kukosa virutubisho kwa kula hiyo peke yake. Siku niliyoyajua haya, Mtaliano alipungua ukubwa machoni mwangu. Nikaona kumbe na yeye ana bibi aliyekoroga ugali kwenye moshi.

Heshima zao nazo nilizikuta si ngeni. Mtaliano akiingia nyumba ya mtu husema "permesso", nayo ni hodi. Mwenye nyumba hujibu "avanti", yaani karibu, ingia. Mtu mzima humwambii "tu", unamwambia "Lei", neno la heshima, na unamwita "Signora" au "Signore". Salamu hutangulia shida. Nimewaona wauzaji wanaanza na bei na mgeni anawapita kama upepo. Anza na "buongiorno, Signora", kisha nyamaza kidogo, kama unavyompa mtu mzima nafasi ya kuitikia shikamoo. Atasimama.

Sasa niseme kuhusu ugumu wa lugha yenyewe, maana hapa ndipo wengi wetu tunapoogopa. Mimi skuli Kiingereza kilinishinda. Nilikisoma miaka kwa miaka na hadi leo nikikisema naiona kalamu nyekundu. Kiitaliano hakijawahi kunifelisha, hilo peke yake lilinipa ujasiri. Halafu nikagundua mdomo wa Mswahili umeshatayarishwa nusu ya njia. Irabu ni zile zile, a, e, i, o, u, na maneno mengi huishia kwa irabu kama ya kwetu.

Tena sikilizeni hili. Sisi tunasema nina njaa. Wao wanasema "ho fame", nina njaa. Nina kiu, "ho sete". Nina haraka, "ho fretta". Nina miaka thelathini na nne, "ho trentaquattro anni". Mwingereza njaa hana, yeye mwenyewe ndiye mwenye kuwa njaa, na miaka vile vile. Mtaliano anayo, kama tulivyonayo sisi.

Mitego ipo. "Ce" na "ci" husomwa che na chi, lakini "che" na "chi" husomwa ke na ki, kinyume na mazoea yetu. "Gn" ni ny, kwa hiyo Signora ni sinyora. Na herufi zikiandikwa mbili lazima uzikaze zote mbili. Kwenye "anni", miaka, n ni mbili. Ukitamka moja umetaja mahali pa mwili pasipotajwa mbele za watu. Mimi nilipatamka mbele ya wapishi sita. Niko hai, alhamdulillahi.

Na kuna maneno ambayo mtu wa pwani akiyasikia anahisi yuko nyumbani. Sukari ni "zucchero". Limau ni "limone". Zafarani ni "zafferano". Bilingani ni "melanzana". Sifuri ni "zero". Orodha ya bei ni "tariffa", ndugu wa taarifa yetu. Yote hayo asili yake imepitia Kiarabu. Waislamu walitawala kisiwa cha Sicilia kwa zaidi ya miaka 200, na bandari za Italia zilifanya biashara na Waarabu kama zilivyofanya bandari zetu. Kisiwa kile na chetu vilisikia lugha moja ya wafanyabiashara, kila kimoja kikabaki na fungu lake.

Baada ya chakula nikahamia kwenye kazi yangu. Ushauri wangu kwa kila mwenye biashara: usianze na "habari za hali ya hewa", anza na vitu ulivyoshika mkononi. Niliandika maneno thelathini kwenye karatasi nikaibandika ubavuni mwa cherehani. Sindano, "ago". Uzi, "filo". Mkasi, "forbici". Kitambaa, "stoffa". Mkono wa nguo, "manica". Pindo, "orlo". Kifungo, "bottone". Kipimo, "misura". Kufupisha, "accorciare". Mshonaji mwanamke, "sarta". Kila nikigusa kitu, nakitaja. Mteja wa Kiiraqw akija kushonesha sare ya mtoto ananikuta nazungumza na mkasi. Wakazoea.

Neno la thelathini na moja nililiandika kwa kalamu nyekundu, kulipiza kisasi kwa kalamu ya skuli: "posso". Naweza.

Sasa safari. Ngorongoro nilikwenda mara ya kwanza kupeleka makoti mazito kwenye hoteli iliyo juu ya ukingo wa kreta. Watu wa visiwani hatujui baridi ile. Ukingo uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukungu unaingia mpaka ndani ya mtandio. Kisha ukungu ukifunguka unaona chini, kiasi cha mita 600, uwanda wa kilomita za mraba 260 hivi, na nyati ni kama chembe za pilipili manga. Nilisema subhanallah, nikakaa kimya.

Njiani mume wangu alinisimulia habari ya Laetoli, ndani ya eneo hilo hilo la hifadhi, zilikopatikana mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita. Mwaka 2016 zilitangazwa nyayo nyengine mpya, kazi ya pamoja ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao kutoka vyuo vya Italia. Nikafurahi kulisikia hilo. Sisi wa pwani tunamjua Mtaliano wa kitanda cha ufukweni tu. Huku yupo aliyepiga magoti kwenye vumbi pamoja na wataalamu wetu.

Pale ukingoni alisimama bibi mmoja, umri wa mama yangu, kajikunyata. Akasema peke yake, "Che freddo!" Nikamjibu, "Buongiorno, Signora. Fa freddo, sì." Akageuka kama aliyeitwa jina lake. Nikamtolea koti. Akalishika, lakini hakulivaa. Alilipindua ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa bega, akashuka hadi kwenye pindo. Dada zangu mafundi, mnajua nani anapindua nguo ndani nje. Nikamuuliza, "Lei è sarta?" Akacheka. Alikuwa fundi nguo tangu msichana. Akaniambia, "L'orlo è storto." Pindo limepinda.

Na kweli lilipinda. Nililishona usiku, umeme unakatika na kurudi. Nikamwambia, "Posso. Subito." Naweza, sasa hivi. Nikatoa sindano kwenye mkoba, tukakaa kwenye benchi, yeye anashika kitambaa kisipeperuke, mimi nafumua na kushona kwa mkono. Sarufi yangu ilikuwa mbovu, vitenzi vyangu vyote nilivisema kama vilivyo kwenye kamusi, na bado tulielewana juu ya uzi, macho yanayochoka, na waume wanaosema "hiyo kazi ya kukaa tu". Alilinunua koti kwa bei niliyoitaja kwa mdomo wangu, bila mtu kati yetu. Siku hizi pindo zangu nazikagua mara mbili.

Najua wazee watasema lugha hii inawapoteza mabinti. Nauheshimu wasiwasi wao, mimi pia nina binti. Lakini nimejionea kwamba kutojua lugha hakumlindi mwanamke. Asiyejua hajui anaitwa nini, hajui anauzwa kwa bei gani, wala hajui aseme vipi "hapana" ikasikika. Neno hilo ni "no", na ukitaka kulikaza, "no, grazie, sono sposata": hapana, ahsante, nina mume. Mfundishe binti hilo kabla ya "ciao bella".

Katika Surat Ar-Rum Mwenyezi Mungu anaihesabu tofauti ya lugha zetu na rangi zetu kuwa miongoni mwa ishara Zake. Na Mtume wetu (s.a.w.) alimwagiza Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili apate mtu wake wa kuaminika wa kusoma na kuandika barua, naye akajifunza kwa siku chache. Basi kumbe shida ya mtafsiri ni ya zamani, na dawa yake ni ile ile.

Dini pia inanihitaji nijue kuuliza mezani. Ukikaribishwa chakula cha Kiitaliano uliza, "C'è maiale?", kuna nguruwe? "C'è vino?", kuna mvinyo? Wali wao wa zafarani unaoitwa risotto unafanana na mambo yetu, lakini mara nyingi hutiwa mvinyo wakati wa kupika. Mchuzi wa carbonara hutiwa nyama ya nguruwe. Sema mapema, "senza vino, senza maiale", bila hiki wala kile. Wapishi wa Karatu wameshazoea kuulizwa, na hakuna aliyewahi kunikasirikia.

Wengine watasema Kiingereza kwanza. Kwa mwenye nafasi, sawa, ajifunze. Lakini mama wa Kiwengwa anayeuza vikapu mlangoni mwa hoteli iliyojaa Waitaliano hana sababu ya kuanza na lugha ya watu wasiopita mlangoni kwake. Wenzetu wa Malindi, Kenya, walilijua hilo zamani. Waitaliano wapo huko tangu miaka ya 1960 walipojenga kituo cha kurushia roketi, na leo sokoni utasikia wauzaji wanataja bei kwa Kiitaliano bila kupepesa macho.

Onyo langu ni moja. Lugha ya mgeni isiwe ndiyo biashara yenyewe. Mwaka 2020 korona ilipoifunga Italia, meza zetu zilikaa tupu, na aliyekuwa na maneno matamu tu alilala njaa. Mimi nilishona barakoa na sare za watoto wa Karatu. Sindano iwe ya kwanza, ulimi uwe wa pili, lakini viwe vyote viwili vyako.

Yule kijana bado tunaonana. Sikumgombeza. Mwezi uliopita alileta mgeni mezani kwangu, akafungua mdomo kuanza kutafsiri, nami nikamtangulia: "Buongiorno, Signora." Akafunga mdomo, akasogea pembeni, akaniletea kiti.

Haya dada zangu, kwa maoni niko hapa. Andikeni na maneno ya kazi zenu, nikiyajua kwa Kiitaliano nitawajibu, nisipoyajua nitamuuliza mpishi wangu. Wabillahi tawfiq.